Uzi: Mtoa mafunzo anayehudumia waajiri apimwe kwa kipimo gani?

#1 Mratibu_Karakana

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninaratibu mafunzo ya wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha vinywaji jijini Dar es Salaam. Kila mwaka, ifikapo kipindi cha kupanga bajeti, meza yangu hujaa barua za vyuo, kampuni za ushauri na wakufunzi binafsi wanaoomba kutufundishia mafundi mitambo, madereva wa foklifti, wasimamizi wa zamu na watu wa ghala. Karibu wote huambatanisha cheti cha usajili, wasifu wa wakufunzi, na picha za washiriki waliosimama mstari mmoja wakiwa wameshika vyeti. Nimeifanya kazi hii kwa miaka tisa, na bado sijapokea barua hata moja inayoanza kwa kuuliza mashine zetu ni zipi na zinaharibika namna gani.

Hilo ndilo lililonisukuma kuanzisha uzi huu. Viwango tunavyovitumia kumpima mtoa mafunzo viliandikwa kwa ajili ya chuo kinachopokea wanafunzi. Mtoa mafunzo anayelipwa na mwajiri ana kazi ya namna nyingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haipimwi na mtu yeyote.

Niwaeleze yaliyotupata. Kulikuwa na kipindi ambapo mota za konveya kwenye mstari wa kujaza chupa zilikuwa zinakufa mfululizo, na kila zilipofunguliwa kosa lilikuwa kwenye beringi. Uongozi ukaamua kwamba mafundi hawajui matengenezo kinga, nasi tukanunua mafunzo ya siku nne. Mtoa mafunzo alikuwa na usajili kamili. Tulikaa katika ukumbi wa hoteli nje ya jiji, mafundi wakalipwa posho, wakaonyeshwa slaidi nyingi zenye michoro mizuri, na kwenye fomu ya tathmini ya siku ya mwisho karibu kila mmoja aliandika kwamba ameridhika sana. Hawakudanganya, kwa kuwa mkufunzi alikuwa anajua kuzungumza na watu walikuwa wamepumzika kelele za kiwanda. Miezi mitatu baadaye beringi zilikuwa zinakufa vilevile.

Mwaka uliofuata alikuja mkufunzi mwingine, mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi ya ufundi viwandani kabla ya kuanza kufundisha. Kabla hajaandika bei yoyote aliomba aje zamu ya usiku. Nilidhani ataangalia mashine tu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la chuma chakavu nyuma ya karakana, akachambua beringi tulizokuwa tumezitupa, akaziosha kwa mafuta ya taa na kuzipanga juu ya meza kama mtu anayepanga dagaa. Baadhi alizikata zikafunguka. Ndipo akanionyesha kwamba grisi iliyokuwa ndani ilikuwa ya aina mbili zilizochanganywa, ambazo hazipatani na zikikutana huwa nyepesi na kuchuruzika, na kwamba sili nyingi zilikuwa zimesukumwa nje kwa sababu mtu alipiga bomba la grisi mpaka ikatokeza pembeni. Mafundi wetu waliamini kwamba grisi ikizidi ndiyo beringi inalindwa zaidi, kumbe ikijaa kupita kiasi beringi hupata joto na kufa mapema. Alipouliza nani anachagua grisi ya kununua, jibu lilikuwa mtunza ghala, ambaye alikuwa ananunua iliyopo sokoni wiki hiyo kwa bei nafuu.

Akaniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba nusu ya tatizo letu haihitaji darasa, inahitaji kiwanda kiamue aina moja ya grisi na kuandika kwenye kila mota ipigwe mara ngapi na baada ya saa ngapi za kazi. Mafunzo yenyewe yakawa mafupi kuliko yale ya kwanza, yalifanyika kando ya mashine, na mtunza ghala alikuwa mmoja wa wanafunzi. Baada ya wiki sita mkufunzi alirudi kuangalia, akakuta zamu mbili zinafuata na moja haifuati, akakaa na hiyo moja.

Sasa niulize. Kati ya hao wawili, mfumo wetu wa viwango ungemtambua yupi kuwa bora? Kwa karatasi, walikuwa sawa. Kama kulikuwa na tofauti, wa kwanza alimzidi wa pili, kwa maana alikuwa na jengo, maktaba na orodha ndefu ya kozi.

Turejee kwenye mfumo wenyewe. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya 1994 ndiyo iliyoianzisha VETA, na kwa miaka mingi mamlaka hiyo ilifundisha na wakati huohuo ikawasajili na kuwakagua wengine wanaofundisha. Baadaye udhibiti ulihamishiwa kwa baraza lililoanzishwa kwa sheria ya 1997, lililokuwa likiitwa NACTE na ambalo sasa ni NACTVET. Mabadiliko hayo ninayaunga mkono kwa moyo wote, maana haikuwa vema mchezaji awe ndiye refa. Hata hivyo, ukiangalia kinachokaguliwa wakati wa usajili na ithibati utakuta ni majengo, karakana, vifaa vya kufundishia, sifa za wakufunzi, mtaala na uongozi wa chuo. Ni mambo ya msingi na sitaki yaondolewe. Shida ni kwamba mafundi wangu hawaendi kwenye majengo hayo. Mkufunzi ndiye anayekuja kwetu, na karibu kila kilichokaguliwa kinabaki alikotoka.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya fedha. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi kuanzia 10 anatozwa SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, kwa asilimia kadhaa ya malipo yote ya wafanyakazi wake. Ni kweli kwamba kiwango hicho kimeshuka kwa hatua kutoka asilimia 6, na Chama cha Waajiri, ATE, kimepigania punguzo hilo kwa miaka mingi, lakini bado ni fedha nyingi. Baada ya kuilipa, mwajiri anaingiza mkono mfukoni tena kununua kozi kama ile ya kwanza niliyoieleza. Anayelipa mara mbili ana haki ya kujua ananunua nini.

Ningependa kusikia kutoka kwa wakufunzi, waajiri wenzangu na yeyote aliyeona utaratibu bora mahali pengine: kiwango cha mtoa mafunzo anayehudumia waajiri kiseme nini ambacho ithibati ya chuo haisemi?

#2 Mkufunzi_Chumbageni

Mkuu, nashukuru kwa uzi mzito. Mimi niko upande wa pili wa meza, ninafundisha umeme wa viwandani hapa Tanga na ninahudumia viwanda kadhaa. Simulizi yako ya beringi nimeisoma mara mbili, na sina la kumtetea mwenzangu wa kwanza. Lakini naomba nieleze jinsi mkufunzi mwema anavyogeuka kuwa kama yule wa hotelini.

Simu ya mwajiri huja Alhamisi, akitaka mafunzo Jumatatu, kwa kuwa mkaguzi wa mteja wake wa nje anakuja mwisho wa mwezi na anahitaji kuona vyeti kwenye faili. Ukimwambia unahitaji siku mbili za kukaa kiwandani kwanza, anauliza siku hizo ni za bure au za kulipia. Ukisema za kulipia, anampigia mwingine. Ukisema kozi hii inahitaji siku tano, anakuambia mstari wa uzalishaji hauwezi kuachia watu siku tano, fanya mbili, na cheti kiandike jina lilelile la kozi. Halafu ofisi ya manunuzi inalinganisha nukuu za bei tatu na kumchukua wa chini kabisa, ambaye ameweza kushusha bei kwa sababu hana nia ya kuja kuona mashine.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siwezi kuwajua kunguni wa kiwanda chako kutoka ofisini kwangu Chumbageni, na ninalijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa nimefundishwa kuandaa mafunzo ya umahiri na nimeshiriki vikao vya DACUM. Kwa wasioufahamu utaratibu huo, ni kukaa na watu wanaoifanya kazi yenyewe, wale wazoefu wa kazi na si mabosi wao, na kuorodhesha majukumu na vitendo vyote vya kazi yao kabla hujaandika somo hata moja. Ulianzia Canada mwishoni mwa miaka ya 1960 na sisi katika ufundi stadi tumeutumia kuandalia mitaala. Kikao kimoja huchukua siku mbili hivi. Tunautumia kwa mtaala wa taifa zima, halafu tukienda kwa mwajiri mmoja mwenye watu 12 tunauacha mlangoni, kwa kuwa hakuna anayeulipia.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: tathmini ya mahitaji iwe kazi inayojitegemea, yenye mkataba wake na malipo yake, na mwajiri akishaipokea awe huru kumpa kazi ya kufundisha mtu mwingine. Hapo mkufunzi atakuwa na ujasiri wa kuandika kwamba tatizo hili halihitaji mafunzo. Leo hii nikiandika hivyo nimejifukuzisha kazi kwa mkono wangu.

#3 Mwenzenu_Thika

Ndugu zangu wa Tanzania, hamjambo? Naomba kuchangia kutoka Kenya, kwa kuwa sisi tuna utaratibu ambao unafanana na mnaoutafuta, na una mazuri yake na matatizo yake.

Kwetu mwajiri hulipa shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwenye mfuko unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani iliyochukua nafasi ya ile idara ya zamani baada ya sheria kufanyiwa marekebisho mwaka wa 2011. Ni kiasi kidogo sana ukilinganisha na hiyo SDL yenu, lakini tofauti kubwa ni kwamba mwajiri anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, mradi mtoa mafunzo awe amesajiliwa na NITA na mwajiri awe ameomba idhini kabla ya mafunzo kuanza, akionyesha mahitaji yake ni yapi. Vyuo navyo vina mdhibiti wao, TVETA, iliyoundwa na sheria ya 2013. Kwa maneno mengine, kusajiliwa kama chuo na kusajiliwa kama mkufunzi wa viwanda ni milango miwili tofauti kwetu. Nadhani hilo ni jambo jema ambalo Mratibu analiulizia.

Sasa tatizo. Nikiwa msimamizi wa rasilimali watu katika kampuni niliyofanyia kazi awali, nilijikuta nikichagua kozi kwa kuangalia kwanza kama itarudishiwa fedha. Tathmini ya mahitaji niliijaza mimi mwenyewe ofisini, nikinakili ya mwaka uliotangulia na kubadilisha tarehe. Ninaona aibu kulisema lakini ni kweli, na sikuwa peke yangu. Fomu ilidai tathmini, nami nikatoa karatasi inayoitwa tathmini. Kwa hiyo msije mkaandika kwenye kiwango chenu kwamba mtoa mafunzo awe na tathmini ya mahitaji, mkaishia hapo. Andikeni ni nani alihojiwa, alikuwa wapi alipohojiwa, na ni kitu gani kilichoangaliwa kwa macho. Yule mzee wa beringi asingeweza kunakili pipa la chuma chakavu.

#4 Mratibu_Karakana

Mkufunzi na Mwenzetu wa Thika, asanteni sana. Mmenipa hoja ambazo sikuwa nimezifikia, hasa hii ya kuitenganisha tathmini na ufundishaji. Nikiri pia kwamba simu ya Alhamisi nimewahi kuipiga mimi.

Niongeze yale niliyosoma kuhusu nchi nyingine. Ufaransa ilipitisha sheria Septemba 2018, na tangu Januari 1, 2022 mtoa mafunzo yeyote anayetaka kulipwa kwa fedha za umma au za mifuko ya pamoja ni lazima awe na cheti kinachoitwa Qualiopi. Waajiri wa kule nao huchangia mafunzo, asilimia 1 ya malipo ya mishahara kwa kampuni yenye watu 11 au zaidi na asilimia 0.55 kwa ndogo, kwa hiyo hoja yao ni ileile ya kwetu kwamba fedha ya pamoja isiende kwa yeyote tu. Kiwango chao kina vigezo 7 na viashiria 32. Kiashiria cha 4 kinamtaka mtoa mafunzo achambue hitaji la mwanafunzi kwa kuhusianisha na kampuni au anayelipa. Cha 30 kinamtaka akusanye maoni ya pande zote, yaani wanafunzi, wafadhili, wakufunzi na kampuni, na viwili vinavyofuata vinamtaka aonyeshe amefanya nini na malalamiko na maoni hayo. Cheti kinadumu miaka mitatu na katikati kuna ukaguzi wa ufuatiliaji. Kilichonivutia zaidi ni kwamba mkaguzi hatoki wizarani. Ni kampuni ya ukaguzi iliyopewa ithibati, na mtoa mafunzo ndiye anayeilipa. Hapo sina uhakika kama ningependa tuige, kwa maana anayelipa mkaguzi huweza kuchagua mkaguzi mpole.

Uingereza nao walijaribu. Baada ya ripoti ya Lord Leitch ya Desemba 2006 kuhusu ujuzi wa nguvukazi, kulianzishwa huko England kiwango maalumu cha watoa mafunzo wanaohudumia waajiri, chini ya baraza lililokuwa likisimamia fedha za mafunzo. Sehemu A ilipima jinsi mtoa mafunzo anavyomwelewa mwajiri, anavyomjibu na anavyoendeleza uhusiano naye. Sehemu B ilipima ubingwa wake katika sekta fulani. Mpango huo haukudumu miaka mingi, lakini mgawanyo wenyewe naona ni wa busara sana. Yule mkufunzi wetu wa hotelini pengine angefaulu Sehemu B, kwa kuwa alizijua beringi vizuri vitabuni. Angeanguka Sehemu A.

Kwa upande wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, kuna viwango viwili ambavyo watu huvichanganya. ISO 21001, iliyotoka kwanza 2018, inahusu mfumo wa uongozi wa taasisi ya elimu, yaani sera, malengo, kumbukumbu na ukaguzi wa ndani. ISO 29993 ya 2017 inahusu huduma yenyewe ya mafunzo yaliyo nje ya elimu rasmi, kuanzia taarifa anazopewa mteja kabla hajajiandikisha, uchambuzi wa mahitaji, usanifu wa kozi, upimaji wa waliojifunza, hadi tathmini ya huduma, na inamtambua anayelipa kama mhusika kamili pamoja na anayefundishwa. Watoa mafunzo wengi wanaonijia na barua hunionyesha ISO 9001, ile ya mfumo wa ubora wa taasisi yoyote, au hiyo 21001. Sikatai kwamba zina thamani, lakini kama ningelazimika kumwomba mtu jambo moja, ningemwomba aisome 29993 na anionyeshe amefuata kipi.

#5 BiGereji_Mwanza

Kaka Mratibu, na wengine wote, naomba na sisi wadogo tusikike. Nina gereji ya magari hapa Mwanza yenye watu saba. SDL hainihusu kwa idadi hiyo, na kwa hiyo hakuna anayenijia na barua. Ninaposoma habari za Qualiopi na ISO najiuliza mkufunzi akishalipia ukaguzi wote huo, gharama ataiweka wapi kama si kwenye ada yangu? Kiwanda cha vinywaji kitaimudu. Gereji itaendelea kujifunzia kwa kuchungulia.

Hata hivyo nina jambo la kusema kuhusu kipimo. Vijana wangu watatu walijifunza kazi kwa mikono hapahapa bila kukanyaga chuo, na miaka michache iliyopita niliwapeleka kwenye urasimishaji ujuzi wa VETA. Kilichonishangaza ni kwamba hapo hawakuulizwa walisoma wapi. Walipewa gari, wakaambiwa fanya, na mpimaji akasimama pembeni na karatasi yake akiangalia hatua kwa hatua, mpaka namna ya kuweka jeki na mahali pa kupanga spana. Mmoja aliambiwa hajafikia kwenye mfumo wa umeme wa gari na akaelezwa kwa nini, na mapengo yake yakaandikwa wazi. Nilirudi na orodha ya kumfundisha. Tathmini ya mahitaji mnayoizungumzia hapa niliipata kwa njia hiyo, bila kuiita kwa jina hilo.

Sasa kama mtu anayepima anaweza kusimama kando ya gari akaangalia, kwa nini anayefundisha asipimwe kwa njia hiyohiyo? Atumwe mkaguzi aende kwa wafanyakazi waliofundishwa, miezi mitatu baadaye, awaambie wafanye. Hahitaji kukagua jengo la mtu yeyote, na gharama yake ni nauli na siku moja.

#6 Mkufunzi_Chumbageni

Dada, hoja yako ni nzito na imenikumbusha ngazi nne za Donald Kirkpatrick, yule Mmarekani aliyeziandika mwaka 1959: mwanafunzi ameyaonaje mafunzo, amejifunza nini, anafanya nini tofauti akiwa kazini, na kazi yenyewe imepata faida gani. Sisi wakufunzi tunaishia ngazi ya kwanza, ile ya fomu ya kuridhika, na mara chache ya pili tunapotoa mtihani. Wewe unataka tupimwe kwenye ya tatu. Ninakubali.

Lakini naomba wanajamvi wanisaidie katika hili. Niliwahi kufundisha mafundi umeme wa kiwanda kimoja utaratibu wa kufunga kufuli na kuweka lebo kwenye swichi kuu kabla ya kugusa mtambo, ili mwingine asije akawasha mwenzake akiwa ndani. Ni suala la uhai, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri alinde watu wake. Mafundi waliuelewa na kila mmoja aliufanya mbele yangu bila kosa. Niliporudi baada ya miezi miwili hapakuwa na kufuli hata moja, kwa sababu kiwanda hakikununua, na msimamizi wa zamu alikuwa anawaambia kwamba kufunga na kufungua kunachelewesha uzalishaji. Mkaguzi wa miezi mitatu angekuja siku hiyo angeandika kwamba mafunzo yangu hayakufanya kazi. Je, ningestahili?

#7 Mwenzenu_Thika

Mkufunzi, kwa maoni yangu usingestahili, ila pia usingekuwa umemaliza kazi yako. Ukienda kufundisha kufunga kufuli mahali pasipo na kufuli, swali la kufuli lilipaswa kuulizwa kabla hujaanza. Nalisema kwa heshima, kwa kuwa hata mwajiri alipaswa kulijibu, na kosa lake ni kubwa kuliko lako.

#8 Mratibu_Karakana

Nimelala na swali la Mkufunzi kwa siku mbili, na nimelipeleka kazini. Naona limefichua kwamba kiwango cha namna hii hakiwezi kuufunga upande mmoja tu. Mafunzo ya kazini ni kazi ya watu wawili, na mwajiri akiachwa nje ya kipimo, mtoa mafunzo atahukumiwa kwa makosa ya ghala, ya manunuzi na ya wasimamizi.

Kwa hiyo katika mkataba wetu wa mwaka huu nimeomba uongozi ukubali mabadiliko yafuatayo, na sehemu kubwa imekubaliwa. Tathmini itakuwa na malipo yake na ripoti yake, kama Mkufunzi alivyoshauri, na itataja zamu iliyotembelewa, watu waliohojiwa kwa cheo na vitu vilivyoangaliwa. Ripoti itakuwa na sehemu mbili, ya yale yanayohitaji kufundishwa na ya yale ambayo kiwanda kinapaswa kuyafanya chenyewe, iwe kununua kufuli au kuamua aina ya grisi. Mkufunzi hataanza kufundisha mpaka mkuu wa kiwanda awe ameweka saini kwenye sehemu hiyo ya pili na kuandika tarehe ya kutekeleza. Sehemu moja ya nne ya ada itabaki mkononi mwetu hadi ziara ya kurudi, na hapo ndipo tutafanya kama Dada wa Mwanza alivyosema: mfanyakazi ataombwa afanye kazi mbele ya mkufunzi na msimamizi wa zamu, na wote wawili watasaini walichokiona. Ikigundulika kwamba kilichokwamisha ni ahadi ya kiwanda ambayo haikutimizwa, mkufunzi atalipwa ada yake yote.

Kipengele kilicholeta ubishi mkubwa kilikuwa hicho cha mwisho. Mhasibu wetu aliuliza kwa nini tulipe kazi ambayo haikuleta matokeo. Nikamjibu kwamba kama hatuko tayari kulipa pale tulipokosea sisi, hatutampata mkufunzi atakayethubutu kutuandikia tulipokosea, na tutarudi hotelini. Alitafakari, akakubali kwa mkataba mmoja kwanza.

Kuhusu hofu ya Dada juu ya gharama kwa wadogo, nakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana sitaki tuanze kwa kudai cheti kingine kutoka nje. Haya niliyoyaandika yanaweza kuingia kwenye mkataba wa kurasa mbili kati ya gereji na fundi mwalimu mmoja. Baraza likipenda kuyachukua na kuyaweka kwenye masharti ya usajili wa wanaofundisha mahali pa kazi, yawe na mizani ya mdogo na ya mkubwa. Mwenye wafanyakazi saba asijazishwe fomu za mwenye mia saba.

Rasimu ya fomu ya ziara ya kurudi ninaipitisha kwanza kwa wasimamizi wa zamu zote tatu. Wawili wamesharudisha. Wa zamu ya usiku ameniambia swali la nne halieleweki, kwa kuwa linauliza kama mfanyakazi "ameboreka" wakati yeye anataka kuulizwa mfanyakazi amepiga grisi mara ngapi na kwenye mota ipi. Ninalirekebisha, na nitaiweka fomu hapa Ijumaa jioni ili mwenye kutaka kuichukua aichukue.